Mzee Silvanus Anakusalimu

Ukungu wa Rhotia asubuhi ile ulishuka mpaka vibarazani, na Antonia, aliyekuwa ameketi nje akichambua maharage, hakumwona mgeni mpaka alipokuwa karibu kumgusa. Kwanza aliona shuka ya zambarau, kisha shanga, kisha uso. Uso ule aliufahamu, lakini kama mtu anavyoufahamu wimbo uliompotea maneno. Ungo ukatulia mapajani mwake.

"Takwenya," alisema, bila kujua salamu hiyo ya Kimaasai ilimtoka wapi.

"Iko," mgeni akaitikia, akacheka kidogo. "Kumbe hujasahau. Nilikufundisha mimi, tukifua kwenye karo la bweni."

"Seenoi!"

Walishikana mikono wakakaa hivyo, kila mmoja akimtafuta ndani ya mwenzake yule msichana wa zamani. Walikuwa wakilala vitanda vilivyopakana walipokuwa shule ya msingi, katika bweni la wasichana lililokuwa nje kidogo ya mji wa Karatu na ambalo lilifungwa miaka mingi iliyopita. Baadaye Seenoi aliolewa na Metui, upande wa Ngorongoro, akawa anawauzia watalii shanga. Antonia aliolewa na Tluway, mkulima, akaja kuishi naye hapa Rhotia nyumbani kwa mama yake Tluway. Hawakuwa wameonana tangu walipomaliza shule.

Mama mkwe, Bibi Martha, alileta chai, akamsalimu mgeni, akamtazama kwa muda unaozidi adabu kidogo, kisha akaenda zizini kukamua. Seenoi alisubiri mpaka mlio wa maziwa ndooni uliposikika.

"Nimekwenda polisi, Antonia. Dawati la jinsia. Nimemtaja Mlezi."

Antonia aliyatazama maharage kwenye ungo, na maharage yakaonekana kuwa mbali sana, kana kwamba anayatazama kutoka juu ya kilima. Mlezi ndilo jina walilomwita msimamizi wa bweni. Jina lake hasa ni Silvanus.

"Afande amenisikiliza," Seenoi aliendelea. "Mwanamke mwenzetu. Amesema kosa kama hili halizeeki. Lakini akaniuliza, mama, yuko mwingine? Maana ukisimama peke yako na miaka yote hii imepita, wakili wake atakuyumbisha. Nikasema yuko. Jina lako sikulitaja. Nimekuja kukuuliza kwanza."

"Kwa nini sasa, Seenoi? Siku zote hizi tumekaa."

"Binti yangu amefika umri tuliokuwa nao. Nikimwangalia anaruka kamba, naona tulivyokuwa wadogo. Mimi miaka yote nilidhani tulikuwa wakubwa."

Maziwa yaliendelea kuchuruzika ndooni. Antonia akauliza kama Metui anajua.

"Nilimwambia. Akachukua fimbo akaenda na ng'ombe mpaka jioni. Wazee wa boma wakasema tudai ndama, yaishe. Nikawaambia, mimi sikuibiwa ng'ombe."

"Mume wangu hajui," Antonia alisema polepole. "Na analima shamba lake. Lile la Mbulumbulu tulilokodi ni la Mlezi."

Seenoi aliweka kikombe chini. Alimshika Antonia bega, kisha akaondoka alivyokuja. Ukungu ukammeza kuanzia miguuni.

Tluway alikuwa mtu mwenye kauli laini, na kila msimu alipokwenda Ganako kuonana na mwenye shamba alirudi na salamu. "Mzee Silvanus anakusalimu," alikuwa akisema huku akivua viatu, na Antonia alijibu, "Tumepokea." Alikuwa amelizoea jibu hilo mpaka lilimtoka lenyewe, kama pumzi. Nyakati nyingine, baada ya kulitoa, alijikuta amesimama jikoni na mwiko mkononi asijue alikuwa akikoroga nini.

Siku chache baada ya Seenoi kuja, Antonia na mumewe walikwenda pamoja kupalilia. Shamba lile lilikuwa juu, kwenye kingo za milima, mahali ambapo asubuhi mawingu hukaa chini ya miguu ya mtu na ngano ya majirani huenda na kurudi kwa upepo bila kelele. Tluway alilipenda kuliko alivyopata kupenda kitu kisicho na damu. Alijua pembe inayotuamisha maji na pembe inayowahi kukauka. Alipokuwa huko aliimba kwa Kiiraqw, kwa sauti ambayo nyumbani hakuitumia.

"Baba Angelina," Antonia alimwita katikati ya mistari ya maharage. "Mwenye shamba hili alikuwa msimamizi wa bweni letu."

"Unamfahamu? Hukuniambia!"

"Alitufanyia vibaya. Mimi na wenzangu. Tulikuwa watoto."

Hakueleza zaidi, wala Tluway hakuhitaji maelezo zaidi. Jembe lake liliendelea kupanda na kushuka, nalo likaanza kukata maharage pamoja na magugu, mashina ya kijani yakilala moja baada ya jingine, na yeye asione. Mwishowe Antonia akamshika mkono.

"Alikukataza kusema?" Tluway aliuliza.

"Alisema nitafukuzwa, baba aambiwe mimi mwizi."

"Na mimi, mke wangu? Mimi nilikukataza?"

"Hapana."

"Kila msimu nakuletea salamu zake!"

"Nilikuwa nazipokea."

Tluway alikwenda kwenye dumu la maji pembeni ya shamba akaanza kunawa mikono. Alinawa, akatazama viganja, akanawa tena, mpaka maji waliyoleta ya kunywa yakaisha. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda kutoka bondeni, nao wakasimama ndani yake bila kuonana vizuri, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua.

Polisi walimwita Silvanus kwa mahojiano juu ya maelezo ya Seenoi, na yeye akahesabu mwenyewe nani mwingine angeweza kuongea. Kwa akina Antonia hakuja mwenyewe. Alimtuma Yohani, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole aliyesuluhisha ugomvi wa mipaka na wa ndoa, na ambaye asubuhi ile alitamani sana kuwa nyumbani kwake. Yohani alileta sukari. Aliiweka mezani kwa mikono miwili, akaizungusha kidogo ikae sawa.

"Mzee amesikia kuna maneno," alisema. "Mambo ya zamani, ya watoto wa bweni. Yeye anataka amani na nyumba hii. Anasema lile shamba la Mbulumbulu yuko tayari kumwandikia Tluway liwe lake kabisa. Mashahidi wapo, mimi nikiwa mmoja."

Bibi Martha, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, aliacha kisu.

"Anatoa shamba kwa kosa gani?" Tluway aliuliza.

"Kosa sijaambiwa. Nimeambiwa amani."

"Mtu hutoa shamba zima kwa amani?"

Yohani alitazama sukari. "Ndugu yangu, mimi ni mjumbe tu. Lakini nakwambia kama mtu wa hapa: mahakamani utaingia na mbuzi, utatoka na kamba. Na watu wataongea. Watamwongelea yeye kidogo, na Mama Angelina sana."

Katika hilo alisema kweli. Wakati huo huo dukani palikuwa na wanawake waliokuwa wanaongea, na Jumapili iliyofuata Antonia alipoingia kanisani, waliokuwa kwenye benchi lake walisogea kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Alikaa katikati ya nafasi hiyo mpaka mwisho wa misa. Mmoja alimwuliza nje, kwa sauti ya huruma iliyosikika mpaka getini, kama ni kweli kwamba anaumwa.

Bibi Martha hakuwa na maneno ya kuzunguka. Alimkuta Antonia akiosha vyombo, akasimama nyuma yake.

"Mume wangu alizikwa kwenye kiwanja cha kaka yake," alisema. "Hatukuwa na hata pa kumlaza. Leo mwanangu anapewa ardhi, wewe unataka tupewe kesi? Angelina ataolewa na nani, mama yake akishasimama mahakamani kueleza mambo hayo?"

"Sijasema nitasimama, Mama."

"Basi sema hutasimama."

Antonia aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. Angetaka kusema hivyo. Siku nzima aliyasikia maneno hayo yakiwa tayari mdomoni, mepesi, ya kumaliza kila kitu: sitasimama. Alikuwa akitembea kisimani na kurudi kama mtu anayetembea ndani ya maji, na watu waliomsalimu njiani aliwajibu baada ya kuwapita.

Tluway naye alikuwa akiota mchana. Akiwa amekaa chini ya ukuta kunoa jembe, aliliona shamba lile likiwa na katani alizozipanda mwenyewe mpakani. Aliona kibanda, na mahindi yanayoanikwa, na Angelina akipita na watoto wake. Aliona aibu, ingawa hakuna mtu aliyemwona. Jioni ilipokaribia alimfuata mkewe bandani kwa kuku.

"Sitakudanganya," alisema. "Ninalitaka. Hata sasa hivi nakutazama wewe na ninalitaka lile shamba. Lakini siyo mimi wa kusema. Utakalosema wewe, ndilo."

Yalikuwa maneno ya heshima, na yalimwacha peke yake kabisa.

"Nataka nimwone," Antonia akasema.

Yohani alifurahi kuandaa jambo hilo. Aliamini watu wakionana uso kwa uso mioyo hulainika. Walikwenda Ganako asubuhi, jua likiwa limeshapasua ukungu. Nyumba ya Mzee Silvanus ilikuwa na bustani, na nyuma yake kambi ndogo ya watalii yenye mahema ya kijani. Wazungu wawili waliokuwa wanakunywa kahawa waliwapungia mkono. Tluway alisema hataingia. Alibaki getini, akageukia barabarani.

Silvanus alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu chini ya kivuli cha maua ya waridi yaliyotambaa juu ya nguzo. Antonia alikuwa amejiandaa kumkuta mtu mrefu. Alikuta mzee mdogo mwenye sweta na blanketi magotini, na mikono yenye madoa. Kwa muda alihisi kwamba amekosea nyumba, kwamba yule mwingine, yule wa korido ya bweni, yuko mahali fulani bado na funguo zake, na huyu ni mzee wa watu anayeota jua. Kisha mzee alikohoa. Kikohozi kilikuwa kilekile.

"Karibu, mwanangu, karibu ukae."

Hakukaa. Yohani alisimama kando na kofia mkononi.

"Mimi ni mtu wa kufa," Silvanus alianza, na macho yake yakajaa machozi ambayo, kwa kweli, hayakuwa ya uongo. Alikuwa amelia sana siku zile, akijionea huruma. "Ujana ni kitu kibaya. Shetani alinipitia. Nimetubu, nimeungama, Mungu ni shahidi. Sitaki niende kaburini na kinyongo cha mtu. Lile shamba ni lenu. Nakuomba unisamehe." Alinyoosha mkono. "Nisamehe, Marsela."

Nyuki walikuwa wanavuma kwenye maua. Kutoka kambini mtu alicheka kwa Kiingereza.

"Mimi siyo Marsela," Antonia alisema.

Mzee alimtazama Yohani, kisha akamtazama yeye tena. Mdomo wake ulitembea. "Ndiyo, ndiyo. Wewe ni... Wewe ndiye wa..." Akasita, akatafuta, na wote wawili waliosimama mbele yake waliona wazi kwamba anachagua katika majina mengi.

Ndipo Marsela aliporudi akilini mwa Antonia, akatembea katikati ya bustani ile akiwa na gauni lake la shule lililofumuka pindo. Alilala kitanda cha dirishani. Muhula mmoja hakurudi, wakaambiwa amekwenda kwa ndugu zake Babati, na hakuna aliyeuliza. Antonia na Seenoi walichukua blanketi lake, wakalala chini yake kwa zamu wakifurahi kwamba lina joto.

"Tulikuwa wangapi?" Antonia aliuliza.

"Mwanangu, hayo..."

"Mlezi. Tulikuwa wangapi?"

Silvanus alivuta blanketi juu ya magoti. "Yohani," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa kavu, ya mtu aliyezoea kusimamia, "mtoe huyu mama."

Yohani hakumtoa. Alibaki pale pale akikunja kofia yake, na Antonia akatoka mwenyewe, akapita kwenye mahema na waliompungia mkono, mpaka getini aliposimama mumewe.

"Ameniita kwa jina la mwingine," alimwambia. "Twende. Shamba lake abaki nalo."

Kitu kilimpita Tluway usoni, na Antonia alikiona na hakumlaumu. Kisha akamshika mkono, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi barabarani, wakateremka hivyo mpaka njia panda.

Kwenye kituo cha polisi, kijana wa kaunta alimwuliza shida yake. Antonia alimwambia kwa kunong'ona.

"Ubakaji?" kijana alisema kwa sauti. "Wa lini, mama?"

Benchi lote la waliokuwa wakisubiri liligeuka. Kulikuwa na mzee aliyeibiwa pikipiki, na wanawake waliogombania njia ya maji, na wote wakawa na nafasi ya kumtazama.

"Wa nilipokuwa mtoto," Antonia alijibu, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena.

Afande wa dawati alitoka haraka, akamwingiza chumbani, akafunga mlango. Seenoi, waliyempigia simu tangu njia panda, alikuwa ameshafika. Alikaa kando yake bila kumgusa. Antonia alisimulia kwa vipande, mara akirudi nyuma, mara akisimama muda mrefu akitazama dirisha, na afande hakumharakisha. Alipomaliza alitaja pia jina la Marsela. Seenoi, aliposikia jina hilo, aliinama akafunika uso kwa shuka.

Yaliyofuata yalikwenda polepole, kama vitu vinavyoonekana kupitia kioo chenye mvuke. Silvanus alikamatwa, akaachiwa kwa dhamana, akarudi bustanini kwake. Watu wake walikuja wakawaambia waondoke shambani kabla maharage hayajakomaa. Tluway aliyang'oa mabichi, akayauza kwa waliokubali kununua, kisha akawa anakwenda kufanya kibarua kwenye ngano za wengine, kando kabisa ya mpaka wa shamba alilokuwa akilima. Huko hakuimba. Yohani aliacha kupita njia ya kwao, mpaka siku alipokuja bila sukari akasema kwamba akiitwa mahakamani ataeleza alichokisikia, na akaondoka kabla hajakaribishwa chai.

Marsela alipatikana. Alikuwa Babati, ana duka la vitambaa na wajukuu. Aliwaambia polisi kwamba hana la kusema na akawaomba wasirudi. Seenoi alikasirika. Antonia hakukasirika, alimwona akilini mwanamke yule katikati ya vitambaa vyake, na alimwelewa mpaka mwisho.

Bibi Martha aliacha kuongea na mkwewe. Aliweka uji mezani, akaondoka. Alimtuma Angelina kumwambia mama yake kwamba ng'ombe amevunja ua, wakati mama mwenyewe yuko hatua moja kutoka hapo.

Siku ya ushahidi, milango ya mahakama ilifungwa wasiingie wasiohusika. Wakili wa Silvanus alikuwa mtu wa sauti nzuri. Alimwuliza Antonia kwa nini hakupiga kelele. Alimwuliza kwa nini alikula mazao ya shamba la mtu anayedai alimdhuru. Alimwuliza kama si kweli kwamba wameanza kusema baada ya kunyimwa shamba.

"Shamba tulikuwa tunapewa," Antonia alisema. "Tulipewa ili ninyamaze. Mwulize Mwenyekiti, alikuwepo. Na kelele sikupiga kwa sababu yeye ndiye tuliyekuwa tunamwita tukiogopa."

Hakimu aliandika. Silvanus alikuwa akitazama sakafu, na hakuinua uso hata Seenoi alipoingia baada yake, amevaa shanga zote alizovaa siku ya harusi.

Hukumu ilitolewa kipindi cha kiangazi. Alipatikana na hatia. Walimchukua kupitia mlango wa pembeni, na wakili akasema watakata rufaa. Nje, Seenoi alimkumbatia Antonia akalia kwa sauti, shanga zikilia pamoja naye. Metui, aliyekuwa amekuja na fimbo yake, alimpa Tluway mkono na wanaume wale wawili wakasimama wakitazama mbali. Antonia alisubiri furaha. Haikuja, wala huzuni haikuja. Kilichokuja ni uzito mtamu kwenye magoti, kama wa mtu aliyebeba mzigo mlimani akautua na bado anatembea kama ameubeba.

Walifika nyumbani mchana. Antonia aliketi kwenye mkeka uwanjani ili avue viatu. Alivua kimoja. Jua lilikuwa jema, vumbi la dhahabu lilikuwa likielea juu ya mabua ya mahindi, na mahali fulani mbali ng'ombe waliitana. Aliinamisha kichwa apumzike kidogo, na usingizi ukamchukua pale pale, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni, mchana kweupe, mbele ya njia wanayopita watu.

Bibi Martha alitoka ndani akamkuta hivyo. Alimtazama mwanawe. Tluway akaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, imekwisha. Mama alisimama muda mrefu. Hakuwa amebadili mawazo yake juu ya ardhi. Hata siku ile jambo hilo lilimwuma, na lingemwuma mpaka kufa. Lakini uso wa mkwewe ulikuwa umefunguka usingizini, na ulikuwa mdogo kuliko alivyowahi kuuona.

Alikwenda akafukuza kuku. Alimwonyesha Angelina kidole mdomoni. Kisha akavuta kigoda, akakiweka kati ya mkeka na njia, akaketi akiwa ameipa njia mgongo, khanga yake ameitandaza kwa mikono miwili ili kivuli kiangukie macho ya aliyelala.

Wanawake wawili waliotoka dukani walisimama kwenye ua. "Shikamoo, Bibi. Tumesikia mmerudi! Kesi imekwendaje?"

Bibi Martha hakugeuka.

"Ongeeni taratibu," alisema. "Mwanangu amelala."